Honda CG125 ya zamani inagonga ikishapata moto: sauti hii inatoka wapi?

#1 mwalimu_wa_milimani (Makete)

Wakuu, habari za jioni. Ninaomba msaada wa kuutambua mlio mmoja ambao umeninyima raha kwa wiki tatu sasa. Pikipiki ni Honda CG125 ambayo marehemu baba aliinunua mwaka 1994 alipokuwa bwana shamba. Mimi nimeirithi, na ninaitumia kila siku kwenda shuleni, kilomita 14 kwenda na 14 kurudi, njia ya vumbi na milima mitupu.

Asubuhi nikiipiga kiki huwaka mara ya pili au ya tatu, na kwa dakika kumi za kwanza hunguruma kama ilivyokuwa ikinguruma nilipokuwa mtoto: ti-ti-ti ndogo upande wa juu, ambayo fundi wetu anasema ni ya kawaida. Ikishapata moto sawasawa, unaanza mlio wa pili, mzito, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha mlango wa mbao kwa kifundo cha kidole. Unasikika zaidi nikiwa nimesimama, injini ikiwa sailensi (inanguruma polepole bila kuvutwa mafuta), na tena ninapoachia mafuta baada ya kumaliza kilima. Nikishika klachi unapungua lakini hauishi. Haitoi moshi wala nguvu haijapungua, ila oili inashuka kidogo kila wiki. Fundi ameshaweka tapeti (nafasi ndogo juu ya valvu, ile milango ya hewa na moshi ya injini) mara mbili na kubadilisha plagi, na sasa anataka kufanya ovahoo, yaani kuifungua na kuikarabati injini nzima. Kabla sijatoa fedha hizo, ninauliza: ni kitu gani kinachonyamaza kikiwa cha baridi na kugonga kikiwa cha moto?

#2 Bodaboda_Mwandamizi (Morogoro)

Pole sana, Mwalimu. Hiyo ni cheni ya taimingi, ile inayoendesha valvu. Imelegea, na kile kifaa kinachoikaza kimechoka, hivyo inapiga ukuta wa injini. Yangu ililia hivyo hivyo, nikabadilisha cheni pamoja na kikazio chake, na ikanyamaza siku hiyo hiyo.

#3 FundiMstaafu (Iringa)

Ndugu yangu Bodaboda, kila uzi wa injini humu ndani jibu lako la kwanza ni cheni, na mara nyingi umepatia, lakini safari hii pikipiki yenyewe inakukatalia. CG125 haina cheni ya taimingi. Tangu Honda walipoitoa mwaka 1976 waliiwekea pushi rodi: kamshafti (mhimili unaofungua valvu) iko chini, inazungushwa kwa gia moja kwa moja kutoka kwenye krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), na vijiti viwili virefu vinapanda pembeni mwa silinda kwenda kusukuma roka, mikono midogo inayokanyaga valvu. Ndiyo sababu imedumu vijijini, kwa kuwa hakuna cheni ya kulegea, na hata oili ikichelewa kubadilishwa inavumilia kuliko nyingi. Injini nyingi za Kichina za 125 na 150 tunazoziona barabarani zimefuata mchoro huo huo. Anayetaka kuhakikisha atazame upande wa silinda: penye cheni utaona kikazio kimefungwa pembeni ya bloku, na kwenye CG hutakiona.

Mwalimu, nijibu mawili kabla sijasema lolote. Fundi aliweka tapeti injini ikiwa ya moto au ya baridi? Na alitumia fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) au alikadiria kwa mkono?

#4 mwalimu_wa_milimani

Asante, Mzee. Mara ya kwanza alikadiria kwa kutikisa roka kwa vidole, na injini ilikuwa bado vuguvugu, kwa kuwa nilikuwa nimetoka nayo kazini. Mara ya pili nilimsisitiza, tukaiacha usiku mzima, naye akatumia fila geji ya 0.08.

#5 Mzee_Roka (Moshi)

0.08 milimita kwa valvu zote mbili, injini ikiwa imepoa kabisa, ndicho kipimo cha CG, kwa hiyo hapo hamkukosea. Hata hivyo, kwenye injini ya umri huo fila geji yenyewe inaweza kukudanganya, nami ilinidanganya mwaka mzima. Ncha ya roka inayokanyaga valvu huchimbika taratibu, ikaacha kishimo kidogo cha duara kwa upana ule ule wa shina la valvu. Fila geji ni bapa. Ukiipitisha, inalala juu ya kingo za kishimo, nawe unapata 0.08 nzuri kabisa, huku chini yake pakiwa na nafasi nyingine usiyoiona. Unafunga kifuniko umeridhika, unawasha, inagonga.

Fungua kifuniko, toa roka, ipanguse kwa petroli, kisha iinamishe kwenye mwanga wa jua la pembeni. Kishimo kitajionyesha kama kivuli. Ukipitisha ukucha utasikia umekwama kwenye ukingo. Kama kipo, usikisawazishe kwa jiwe la kunolea, maana ngozi ngumu ya chuma itaondoka na roka italiwa kwa miezi michache. Badilisha.

#6 Kijana_wa_Voi

Salamu kutoka Kenya. Mzee Roka amesema vizuri, lakini mimi nimeshikilia neno moja la Mwalimu ambalo wote mmelipita: akishika klachi mlio unapungua. Roka haijui kama klachi imeshikwa au imeachiwa. Kinachojua ni nyumba ya klachi. Ile gia kubwa iliyo nyuma yake ina springi ndani yake za kupokea mshtuko, na zikichoka gia inacheza mbele na nyuma kila pistoni inapopiga. Oili ikiwa baridi na nzito inauzuia mlio, na ikipata moto ikawa nyepesi ko-ko-ko inaanza. Nimeisikia kwenye pikipiki ya shangazi, ikanigharimu nyumba ya klachi iliyotumika na gasketi moja ya kifuniko cha kulia, wala silinda haikuguswa.

#7 FundiMstaafu

Hoja ya Voi ina uzito, ila niongeze tahadhari. Ukishika klachi, unaiondolea injini kazi ya kuzungusha shafti ya gia boksi, na mwendo wake wa sailensi hubadilika kidogo. Mlio wowote unaotegemea mwendo huo utabadilika nao. Kwa hiyo kupungua peke yake si ushahidi kamili. Ungeisha kabisa kila unaposhika na kurudi kila unapoachia, ningekubaliana nawe bila swali.

#8 Petroli_Safi (Singida)

Mbona hakuna aliyetaja mafuta? Petroli ya chupa za barabarani huchanganywa, nayo ikiwa dhaifu mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni hugongwa ikiwa bado inapanda. Hilo hutokea injini ikiwa ya moto na mlimani, kama alivyoeleza Mwalimu.

#9 Mpima_Miinuko (Mbeya)

Ninakupinga kwa heshima, kwa sababu mbili. Kwanza, mlio wa mafuta kulipuka vibaya ni mkavu na mwembamba, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, nao huja unapovuta mafuta mengi katika gia kubwa mlimani. Mwalimu anasema wake ni mzito, na huja anapoachia mafuta na anaposimama. Pili, yeye yuko Makete, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa inayoingia silindani ni pungufu na mgandamizo wake ni mdogo. Injini ya hapo hugonga kwa mafuta dhaifu kwa shida kuliko injini iliyo Tanga.

#10 Petroli_Safi

Nimekubali kuhusu aina ya mlio. Kuhusu miinuko ninabaki na neno moja: injini inayokula oili kwa muda mrefu hujaa masizi magumu juu ya pistoni, chumba cha moto kikapungua, na mgandamizo ukapanda tena. Masizi hayo yakiwa mengi hugusa hata kichwa cha silinda. Nimewahi kuyatoa kwa kipande cha mbao ngumu, yakatoka mabamba mabamba kama ukoko wa ugali.

#11 Dereva_wa_Fuso

Njia rahisi ni ile tunayoitumia kwenye magari: chomoa waya wa plagi injini ikiwa inanguruma. Mlio ukipotea, ujue ni konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) au pistoni ya silinda hiyo.

#12 Kijana_wa_Voi

Kwenye gari lako lenye silinda sita njia hiyo inafaa, kaka, kwa kuwa tano zinabaki zikiizungusha injini. CG ina silinda moja tu, na ukichomoa waya wake, injini yenyewe itazimika.

#13 Dereva_wa_Fuso

Ni kweli kabisa, nimesahihishwa.

#14 Dada_Mkunga (Lushoto)

Mimi si fundi, ni muuguzi, lakini ninaendesha pikipiki milimani kila wiki, na ninaamini mnabishana kuhusu sauti ambayo hakuna aliyeisogelea. Kaka Mwalimu, nenda ukaisikilize kwa mahali. Mafundi hutumia bisibisi ndefu, ncha ikiwa kwenye injini na mpini umeegemezwa kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mimi nilichukua kipimo chetu cha kusikilizia mapigo ya moyo, kilichokuwa kimetupwa kwa kupasuka ngozi, nikaondoa kile kichwa cha duara na kuchomeka kipande cha waya mnene wa chuma ndani ya mpira. Masikio yote mawili yanazibwa, na unausikia mlio wa sehemu moja tu.

Gusa kifuniko cha roka, kisha katikati ya silinda, kisha chini karibu na krenki, kulia kwenye klachi, kushoto kwenye sumaku (gurudumu la kuzalishia umeme). Pale mlio unapokuwa mkali na wenye makali, siyo pale unapokuwa mkubwa tu, ndipo unapozaliwa. Funga mikono ya shati na nywele, usikaribie cheni, na uangalie ekzosi isikuunguze.

#15 Mzee_Roka

Dada Mkunga ametufundisha sisi wazee. Asante sana.

#16 Hesabu_za_Injini (Dodoma)

Niongeze kipimo kingine ambacho hakihitaji kifaa. Injini hii ni ya mipigo minne, kwa hiyo valvu hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Ikiwa sailensi ni mizunguko 1,400 kwa dakika, krenki inazunguka kama mara 23 kwa sekunde, na kila valvu inapiga kama mara 12. Hakuna sikio la kuhesabu hizo, lakini ekzosi inapumua kwa mwendo ule ule wa valvu. Weka kiganja nyuma ya ekzosi, mbali kidogo, usikie pumzi zake, kisha sikiliza mlio. Ukienda sambamba na pumzi, ni wa juu: roka, tapeti, vijiti, kamshafti. Ukienda mara mbili ya pumzi, ni wa chini: krenki, konrodi, pistoni.

#17 FundiMstaafu

Hesabu ni sahihi, lakini hitimisho lina tundu ambalo limewafanya vijana wengi kufungua injini upande usiostahili. Konrodi iliyochoka kwenye beringi yake ya chini huzunguka mara mbili, ni kweli, lakini hugongwa kwa nguvu wakati wa mlipuko tu, na mlipuko ni mara moja kwa mizunguko miwili. Vivyo hivyo pistoni iliyolegea. Kwa hiyo sikio linaweza kuusikia mlio wa chini ukienda sambamba na pumzi za ekzosi, nawe ukadhani ni roka. Ule unaosikika mara mbili mbili, kama miguu ya mtu mwenye kuchechemea, mara nyingi ni pini ya pistoni, ile inayoishika pistoni kwenye konrodi.

Sasa niseme ninachokifikiria kuhusu ya Mwalimu. Pistoni yenyewe ninaiondoa kwanza. Pistoni iliyolegea hugonga asubuhi, kisha hutanuka na kunyamaza, wakati hii inafanya kinyume. Beringi ya konrodi ingelia zaidi anapovuta mafuta mlimani, na ingezidi wiki hadi wiki, asingefika wiki ya tatu kwa utulivu huu. Pini ya pistoni ndiyo ninayoishuku. Juu konrodi ya CG haina bushi (kibomba cha kuvalishwa ndani ya tundu), pini inacheza ndani ya tundu la konrodi lenyewe, na tundu likiliwa halibadilishiki peke yake. Ikiwa baridi, oili nzito inaijaza nafasi. Ikipata moto, oili inakuwa kama maji, na pini inabisha mlango, kama alivyosema mwenyewe.

#18 Sumaku_ya_Kushoto (Songea)

Mzee, heshima yako, lakini kabla ya kuivua silinda atoe kwanza kifuniko cha kushoto, ambacho ni kazi ya robo saa. Nati ya sumaku ikilegea, sumaku inacheza kwenye ncha ya krenki na kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia huanza kuliwa. Mlio wake ni mzito, wa chini, na huongezeka injini inaposhuka mwendo, ndiyo kusema unapoachia mafuta. Mafundi watatu waliniambia yangu ni konrodi. Ilikuwa nati.

Aishike sumaku kwa mikono miwili na kuitikisa. Haitakiwi kusogea hata chembe bila krenki kusogea nayo.

#19 Mpiga_Spana (Bukoba)

Na akiwa hapo aguse boliti zote zinazoshika injini kwenye fremu. Boliti moja ikilegea, fremu nzima inakuwa ngoma. Gasketi ya shingo ya ekzosi nayo huiga tapeti vizuri sana, ila hiyo hulia asubuhi zaidi, na huacha alama nyeusi ya masizi pembeni mwa shingo.

#20 mwalimu_wa_milimani

Wakuu, ninashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Jumamosi hii yote nimekaa chini ya mparachichi na pikipiki, na haya ndiyo niliyoyaona.

Boliti za fremu zote zimekaza. Sumaku haichezi, nati yake imekaza, na nilipoitikisa krenki ilifuata. Shingo ya ekzosi ni kavu. Roka ya upande wa ekzosi ina kishimo kama alivyosema Mzee Roka, nilikisikia kwa ukucha kabla sijakiona. Nimepata roka iliyotumika ya pikipiki nyingine, yenye ncha laini, nikaweka 0.08 alama ya T ya sumaku ikiwa imelingana na mstari na roka zote mbili zikiwa huru. Ti-ti-ti ya asubuhi imepungua sana. Ko-ko-ko imebaki, labda imepungua kidogo, au ni matamanio yangu.

Nilisikiliza kwa bisibisi, injini ikiwa ya moto. Kwenye kifuniko cha roka mlio ni wa mbali. Kwenye klachi ni mkubwa lakini mzito, kama unatoka chumba cha jirani. Katikati ya silinda, upande wa nyuma, ni mkali, na kuna wakati ninausikia ukienda mara mbili mbili, kisha unapotea.

Halafu nilimwaga oili kupitia kitambaa cheupe. Juani kitambaa kilikuwa na vumbi linalometa, laini kama unga wa mahindi, halikamatwi na sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika mbovu. Ninafahamu kwamba hiyo si nzuri, lakini je, ni mbaya kiasi gani?

#21 Hesabu_za_Injini

Kisichokamatwa na sumaku si cha gia wala beringi. Huenda ni alumini, na alumini inayosuguliwa zaidi humo ndani ni ya pistoni. Ninaungana na FundiMstaafu kuhusu pini.

#22 Kijana_wa_Voi

Ninapinga kidogo. Nyumba ya klachi nayo ni ya alumini, na vidole vyake huchongwa na kingo za sahani za klachi mpaka vikawa na ngazi. Unga ule ule ungetoka huko. Na ameandika kwamba kwenye klachi mlio ni mkubwa.

#23 Dada_Mkunga

Ni mkubwa lakini mzito, ameandika hivyo. Mkali ni silindani.

#24 Mzee_Roka

Kuna swali ambalo limepitwa. Mwalimu, oili uliyomwaga ilikuwa ya aina gani, na kile kichujio cha mzunguko kilifunguliwa lini? CG haina kichujio cha karatasi cha kubadilisha. Ina wavu chini, na juu yake ina kile kikombe kilicho mwishoni mwa krenki, upande wa kulia, ambacho hukusanya uchafu kwa kuzunguka. Mafundi wengi hawakifungui kwa sababu kifuniko chote cha klachi lazima kitoke. Nimekikuta kwenye pikipiki za umri wa yako kimejaa tope jeusi gumu kama lami, na oili ya kwenda kwenye konrodi inapita humo humo.

#25 mwalimu_wa_milimani

Oili ilikuwa ya magari, kwa miaka kama miwili, kwa kuwa ndiyo inayopatikana dukani kwetu. Kuhusu kikombe, nimemuuliza fundi na hakumbuki kukifungua. Baba huenda alikifungua.

#26 FundiMstaafu

Basi kazi ni hiyo, na kwa bahati inawaridhisha watu wote waliomo humu. Toa kifuniko cha kulia. Kisafishe kikombe na wavu, na ukiwa hapo shika gia ya nyumba ya klachi uizungushe mbele na nyuma kwa mkono, na utazame vidole vyake, ili hoja ya Voi ipate jibu lake. Weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA (kiwango cha oili ya pikipiki ambazo klachi yake huogea oili ya injini), endesha siku tatu, usikilize. Kama ko-ko-ko ipo, vua silinda. Konrodi kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida yake, lakini ukiivuta juu na chini pistoni ikiwa imetolewa, isicheze hata kidogo. Kisha rudisha pini ndani ya tundu la konrodi, ikiwa kavu na safi, uitikise: utasikia kwa vidole kabla ya kipimo chochote.

#27 Sumaku_ya_Kushoto

Mimi bado ninasema nati ya sumaku ikaguliwe tena injini ikiwa ya moto, kwa kuwa aliitikisa ikiwa baridi.

#28 Mpiga_Spana

Na kabla hujagusa klipu ya pini, Mwalimu, ziba kabisa mdomo wa krenki kwa kitambaa safi. Ile klipu huruka kama panzi, na ikidondoka ndani utaigawa injini nzima mara mbili kwa ajili ya kipande kidogo cha waya.

#29 mwalimu_wa_milimani

Nimeandika yote kwenye daftari. Kitambaa ninacho, gasketi ya kulia nimeiagiza Njombe, inakuja na basi la Alhamisi.